Kisa cha Tolpuddle: nani alishinda kijijini?

Tolpuddle ni kijiji kidogo cha mkoa wa Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, kama kilomita 12 mashariki ya mji wa Dorchester. Wakazi wake ni mia chache tu. Kuna kanisa la mawe la zama za kati, baa moja, kijito kiitwacho Piddle, nyumba kadhaa zilizoezekwa nyasi na mti mmoja mzee uwanjani. Magari yaendayo mbali hayapiti tena katikati ya kijiji, maana barabara kuu ilihamishiwa pembeni mwaka 1999. Lakini kila Julai maelfu ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi hufurika hapo na bendera na tarumbeta, kuwakumbuka vibarua sita waliotiwa mbaroni alfajiri ya tarehe 24 Februari 1834 kwa kiapo cha chama chao, wakashtakiwa na kupelekwa kifungoni Australia.

Kisa chao husimuliwa zaidi kama habari ya ushindi. Wanyonge waliungana, wakubwa wakawaonea, wananchi wakaandamana, serikali ikasalimu amri. Mimi nakubali nusu ya simulizi hiyo. Watu sita walisamehewa na kurudishwa nyumbani, na hilo si dogo. Ila ukiuliza swali jingine, kwamba kesi ile ilikusudiwa kufanya nini pale pale kijijini, jibu linageuka. Walioifungua walipata karibu kila walichokitaka, na wakakishikilia kwa muda wa miaka arobaini hivi. Alama za kijiji zenyewe zinatoa ushahidi huo, mradi mtu atazame miaka zilipojengwa.

Shilingi 10, 9, 8, 7

Ardhi ya hapa ilikuwa na wenyewe tangu zamani. Katika karne ya 11 ilikuwa mali ya Tola, mjane wa askari wa mfalme, ambaye aliiacha mikononi mwa watawa wa Abbotsbury. Wenye ardhi walibadilika karne kwa karne. Wasiokuwa nayo ndio waliozidi kuongezeka, hasa pale sehemu za malisho ya pamoja zilipozungushiwa ua kwa sheria za Bunge. Kufikia miaka ya 1830 kibarua wa Dorset alikuwa hana ng'ombe, hana kuni za bure, hana kipande cha kulima ila bustani ndogo ya viazi. Alibaki na ujira wa wiki, na ujira wa Dorset ulikuwa miongoni mwa ya chini kabisa nchini.

Mwaka 1830 vibarua wa kusini walichoka. Walivunja mashine za kupura nafaka zilizowanyang'anya kazi ya majira ya baridi, wakachoma marundo ya nafaka, wakatuma barua za vitisho zenye sahihi ya mtu asiyekuwapo, "Kapteni Swing". Serikali ilijibu kwa mkono mzito: watu 19 walinyongwa na karibu 500 wakasafirishwa kwenye makoloni ya adhabu huko Australia. Mwenye ardhi mmoja wa jirani, James Frampton wa Moreton, aliyekuwa pia hakimu, alitoka kwa farasi kuzima fujo za eneo lake. Mkumbuke huyu bwana.

Vibarua wa Tolpuddle hawakuvunja mashine. Walikwenda kuzungumza. Msemaji wao alikuwa George Loveless, mwanamume wa miaka 37, baba wa watoto watatu na mhubiri wa Kimethodisti aliyejifundisha mwenyewe kwa vitabu alivyonunua kwa taabu. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika baadaye, waajiri waliahidi mbele ya kasisi wa kijiji, Thomas Warren, kwamba watalipa sawa na wilaya nyingine, yaani shilingi 10 kwa wiki. Wakalipa 9. Mwaka uliofuata wakalipa 8, halafu 7, na habari ikaja kwamba inayofuata ni 6. Vibarua walipokwenda kwa mahakimu waliambiwa hakuna sheria ya kumlazimisha mwajiri alipe kiasi fulani. Kasisi naye, alipotakiwa kueleza aliyoyasikia, akasema hakuwa shahidi wa ahadi yoyote.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Waliojaribu fujo walinyongwa, na waliojaribu kuzungumza waliahidiwa kisha wakakanwa. Njia ya tatu ilikuwa chama, na chama hakikuwa haramu. Sheria zilizopiga marufuku miungano ya wafanyakazi zilifutwa mwaka 1824, zikabanwa upya kidogo mwaka 1825, lakini kuungana kwa ajili ya kuomba mshahara kulibaki halali.

Oktoba 1833 wajumbe wawili wa vyama vya mjini walifika, na Chama cha Kirafiki cha Vibarua wa Mashamba kikaundwa. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, ada peni moja kwa wiki. Kanuni zake zilikataza vurugu. Mikutano ilifanyika katika chumba cha juu cha nyumba ya Thomas Standfield, shemeji yake Loveless, na, kwa mapokeo ya kijiji, chini ya ule mti wa uwanjani.

Chumba cha juu

Tarehe 9 Desemba 1833 wanachama wapya waliingizwa. Walifungwa vitambaa machoni, wakapandishwa ngazi, wakapiga magoti wakisomewa maneno ya Maandiko. Vitambaa vilipofunguliwa waliona ukutani picha kubwa ya mifupa ya mtu, ukubwa wa mtu mzima, na sauti ikawaambia wakumbuke mwisho wao. Kisha wakafungwa tena macho, wakabusu kitabu, wakaapa kutotoa siri za chama.

Mtu wa leo anaweza kucheka. Lakini mbwembwe hizi zilikuwa za kawaida katika vyama vya mafundi wa wakati huo, ambavyo navyo viliziazima kwa Wamasoni na udugu mwingine wa siri. Zilikuwa na kazi ya maana pia: mtu anayeweza kufukuzwa kazi na nyumba kwa siku moja anahitaji kujua kwamba aliyekaa karibu yake hatamtaja. Kwa bahati mbaya mmoja wa waliofungwa macho usiku ule, Edward Legg, ndiye aliyekuja kuwa shahidi mkuu wa mashtaka.

Frampton alikuwa ameshaanza kusikia habari. Mwishoni mwa Januari 1834 alimwandikia Lord Melbourne, Waziri wa Mambo ya Ndani, kuuliza kuna sheria gani ya kuwashika hawa. Chama chenyewe hakikushikika. Kiapo ndicho kilichoshikika. Mwaka 1797 mabaharia wa jeshi la wanamaji waliasi huko Spithead na Nore, na Bunge kwa hofu likapitisha sheria ya viapo haramu, adhabu yake kusafirishwa mpaka miaka 7. Sheria ya kuzuia maasi ya manowari ikashushwa kutoka rafu ya juu na kuwekwa shingoni mwa wakata nyasi wa Dorset.

Kuelekea mwisho wa Februari mabango yalibandikwa kijijini yakionya juu ya viapo. Siku chache baadaye watu sita walikamatwa: George Loveless na mdogo wake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine, na James Hammett. Walitembezwa kwa miguu mpaka Dorchester. Angalia tarehe hizo: kosa waliloshtakiwa lilitendeka Desemba, onyo likaja Februari.

Kuhusu Hammett kuna jambo ambalo bado linazungumzwa. Watano wa kwanza walikuwa Wamethodisti na wengi wao ndugu au wakwe. Yeye hakuwa Mmethodisti, na inasemekana usiku wa kiapo hakuwamo chumbani. Aliyekuwamo ni kaka yake John, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua. James akanyamaza akaenda mahali pake. Nitarudi kwake.

Mahakama

Kabla ya kesi kusikilizwa, utaratibu wa siku hizo ulitaka jopo la mabwana wa mkoa lipime kama mashtaka yana msingi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa William Ponsonby, shemeji yake Melbourne. Frampton mwenyewe alikaa humo, pamoja na mwanawe na ndugu yake wa mama mmoja. Ndiyo kusema aliyelalamika, aliyepeleleza na aliyeamua kwamba lalamiko lina msingi walikuwa mtu yule yule. Hata kwa vipimo vya mwaka 1834 huo ulikuwa uchafu.

Jaji, John Williams, alikuwa mpya katika kiti chake. Alipowauliza kama wana la kusema, Loveless alimpa karatasi aliyoandika: hawakukusudia kuvunja sheria, hawakumdhuru mtu mwili, jina wala mali, waliungana tu kujikinga wao, wake zao na watoto wao wasiangamie kwa njaa. Karatasi ikasomwa kwa sauti ya kunong'ona ambayo wengi hawakuisikia. Tarehe 19 Machi hukumu ikatolewa, miaka 7 kwa kila mmoja, kiwango cha juu kabisa.

Chumba hicho cha mahakama kipo. Jengo lake, Shire Hall, lilijengwa mwaka 1797, mwaka ule ule wa sheria iliyowatia hatiani na mwaka ule ule aliozaliwa Loveless. Tangu 2018 ni jumba la makumbusho, na mgeni anaweza kusimama kizimbani na kushuka kwenye vyumba vya mahabusu vya chini. Kwangu mimi hii ndiyo alama yenye nguvu kuliko zote za kisa hiki, ingawa haimo kijijini.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kusimama kidogo hapa. Kanuni ya adhabu ya Kenya mpaka leo ina vifungu vya viapo haramu, na anayevilinganisha na ile sheria ya 1797 ataona ukoo: kuapa kutii kamati isiyo halali, kuapa kutotoa siri za wenzako. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikwenda mbali zaidi, ikafanya kulisha watu kiapo kuwa kosa la kunyongwa. Sisemi Mau Mau na Chama cha Kirafiki ni kitu kimoja. Nasema hofu ya mtawala mbele ya maskini wanaoapa pamoja ilisafiri kwa meli, ikiwa imeandikwa vizuri.

Adhabu iliyobaki nyumbani

Watano walipakiwa katika meli ya Surrey kwenda New South Wales. Loveless aliugua gerezani, akasafirishwa peke yake kwa meli nyingine mpaka Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania. Huko waligawiwa kwa wenye mashamba. Hammett alieleza baadaye kwamba aliuzwa kwa pauni moja.

Lakini tazama yaliyotokea Tolpuddle, maana simulizi nyingi hupita hapa mbiombio. Wake za wafungwa walikwenda kuomba posho ya parokia, ambayo kwa sheria ya wakati huo maskini yeyote aliweza kuiomba. Wakanyimwa. Frampton alishikilia kwamba kama waume zao walikuwa na peni ya kulipia chama, basi familia hazistahili msaada. Ujumbe huo haukuwa wa wanawake wale peke yao. Kila kibarua wa wilaya aliuelewa: ukijiunga, mkeo na wanao watalala njaa hapa hapa huku majirani wakiangalia. Kamati moja ya London ndiyo iliyookoa familia hizo kwa michango ya kila wiki. Posho ilitoka mbali. Majirani, hata waliokuwa na huruma, hawakuwa na cha kutoa wala ujasiri wa kukitoa hadharani.

Na kampeni nayo ilikuwa ya London. Tarehe 21 Aprili 1834 makumi ya maelfu ya mafundi walikusanyika Copenhagen Fields, wakaandamana mpaka Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali, wakiwa na hati ya maombi yenye sahihi zaidi ya 200,000. Melbourne alikataa kuipokea kutoka kwa umati wa namna hiyo, ikabidi iletwe baadaye na wajumbe wachache. Mwaka huo huo akawa Waziri Mkuu.

Maandamano peke yake hayakutosha. Kilichouma serikali ni hoja ya kisheria. Udugu wa Orange, chama cha Waprotestanti kilichojaa mabwana na maofisa wa jeshi, ulikuwa na kiapo chake, na mkuu wake alikuwa Duke wa Cumberland, ndugu yake mfalme. Kama kuapa kwa siri ni jinai, basi mtoto wa mfalme naye apandishwe meli. Lord John Russell, aliyeshika Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1835, alikiri kwa wenzake kwamba hoja hiyo haina jibu. Bungeni, mbunge Thomas Wakley aliendelea kusukuma. Juni 1835 ukatoka msamaha wenye masharti, na Machi 1836 msamaha kamili.

Kurudi kulikokota. Loveless alikuwa ameshamwandikia mkewe amfuate, akaogopa kupishana naye baharini, kwa hiyo hakuondoka mpaka apate uhakika. Alifika Uingereza Juni 1837. Wanne walishuka Plymouth Machi 1838. Hammett alifika 1839, miaka mitatu na zaidi baada ya kusamehewa.

Walikwenda wapi? Si Tolpuddle. Michango ya wafuasi iliwakodishia mashamba katika mkoa wa Essex, huko Greensted na High Laver. Brine alimwoa binti wa Standfield katika kanisa dogo la mbao la Greensted mwaka 1839. Lakini Essex nako wenye ardhi na makasisi waliwaandama, na kuanzia 1844 watano wakahamia Kanada na familia zao, karibu na mji wa London katika Ontario. Wakalima mashamba yao wenyewe. Habari za kifungo waliziweka kapuni. Inasemekana hata baadhi ya watoto wao hawakuambiwa. Loveless alikufa huko 1874, akiwa mkulima mwenye ardhi, jambo ambalo asingelipata Dorset hata angeishi miaka mia mbili.

Aliyebaki, na mawe yaliyochelewa

Hammett pekee ndiye aliyerudi kuishi kijijini. Alifanya kazi ya kibarua wa ujenzi. Hakutoa hotuba. Mwaka 1875, chama kipya cha vibarua wa mashamba kilichoanzishwa na Joseph Arch miaka mitatu kabla kilimwandalia mkutano kijiji cha jirani, kikampa saa na hati ya heshima. Kati ya kesi na chama hicho cha 1872 ni miaka 38 ambayo vibarua wa vijiji vya Uingereza hawakuwa na chama cha kitaifa. Hilo ndilo nililolisema mwanzoni: Frampton alitaka vibarua wasithubutu, na kizazi kizima hakikuthubutu.

Uzeeni Hammett alianza kupofuka. Hakutaka kuwalemea wanawe, akaingia nyumba ya maskini ya Dorchester, mojawapo ya zile zilizoenezwa na sheria mpya ya maskini ya 1834, mwaka wa kesi yake. Alikufa humo 1891. Alizikwa uani kwa kanisa la Tolpuddle, na mapokeo yanasema bwana wa kijiji alisimama kaburini kuhakikisha hakuna atakayetamka neno la vyama. Kaburi likabaki bila jiwe.

Sasa pitia alama moja moja. Mti ulikuwapo kabla ya yote; wataalamu wa National Trust, walinzi wa urithi wa nchi hiyo, walikadiria mwaka 2005 kwamba ulichipua miaka ya 1680. Nyumba ya Standfield ipo, ni makazi ya watu, ina kibao ukutani. Kanisa dogo la Kimethodisti la 1818, alilohubiria Loveless, lina kuta za udongo uliokandwa na majani makavu. Liligeuka ghala la shamba, na karne hii tu ndipo kundi la watu lilipolinunua kulikarabati. Alama ya kwanza ya wazi ya ukumbusho ni lango la mawe mbele ya kanisa jipya la Methodisti, nayo ni ya 1912, miaka 78 baada ya hukumu. Alama zilizosalia zote zilisubiri mpaka 1934: kibanda cha kupumzikia karibu na mti, alichokijenga Ernest Debenham, tajiri wa maduka, nyumba sita za vibarua wastaafu zilizojengwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kila moja ikibeba jina la mmoja wa sita, na jumba la makumbusho katikati yake, na jiwe la kaburi la Hammett, lililochongwa na Eric Gill.

Karibu zote hizo ni kazi ya fedha na mikono kutoka nje. Silaumu. Kijiji ambacho karibu kila nyumba na kila siku ya kazi vilikuwa mikononi mwa watu wachache kisingeweza kusimamisha jiwe la kuwasema watu hao, na kufikia 1934 nguvu hizo zilikuwa zimelegea. Ila mgeni anayeingia Julai akakuta bendera asidhani kwamba anaangalia kumbukumbu iliyotunzwa hapo mfululizo tangu 1834. Kwa sehemu kubwa ilitunzwa kwingine, kisha ikarudishwa.

Nyumba zile sita zina maana kuliko sanamu yoyote, kwa maoni yangu, kwa sababu zilijibu shida halisi: kibarua aliyezeeka alipoteza kazi na paa kwa pamoja. Suala la ujira lilichukua njia ndefu zaidi. Katika karne ya 20 Uingereza iliweka bodi ya kisheria iliyopanga kima cha chini cha mshahara wa mashambani, jambo lile lile ambalo mahakimu wa Dorset walimwambia Loveless kwamba halipo. Mwaka 2013 serikali iliifuta bodi hiyo kwa upande wa England. Wales ikaunda chombo chake, Scotland na Ireland ya Kaskazini zikabaki na vyao. Kibarua wa shamba la Dorset leo analindwa na kima cha chini cha kitaifa kama mfanyakazi mwingine yeyote, na anachotaka zaidi ya hapo inabidi azungumze na mwajiri wake.